Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi Kwenye Boti Yenye Tanga

*Ndugu wahariri, boti yangu ni ya faiba, futi 36, ina chumba kimoja omoni (mbele), kimoja tezini (nyuma) na sebule katikati. Iko kwenye boya ghuba ya Msasani. Mimi na mke wangu tunalala humo Ijumaa na Jumamosi, mara nyingine tunatia nanga kwenye visiwa vya Mbudya au Sinda. Kuanzia Januari hadi masika yanapokatika, usingizi haupatikani. Nimeshauriwa kununua kiyoyozi cha BTU 16,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kipoze boti nzima. Ni ushauri mzuri?*
*Msomaji, Msasani*

Ndugu msomaji, usikinunue. Kingekufaa kama boti ingekuwa imefungwa gatini na waya wa umeme wa nchi kavu umeingia ndani usiku kucha. Wewe uko kwenye boya, na kwenye boya swali la kwanza ni umeme wa saa nane za usiku utatoka wapi. Ukubwa wa mashine unafuata baadaye. Ukianza na umeme, utaona mwenyewe kwamba kinachotakiwa kupozwa ni kitanda. Sebule ambayo hakuna anayelala iache na joto lake.

Kabla ya hesabu, jiulize pia unataka mashine ikufanyie nini. Usiku wa Februari hapa Dar, hewa ya nje yenyewe huwa karibu nyuzi 25 au 26. Hiyo si joto la kumnyima mtu usingizi. Kinachokunyima ni mambo mawili: sitaha iliyoota jua tangu asubuhi inaendelea kumwaga joto ndani hadi saa tano au sita usiku, na hewa imejaa unyevu hivyo jasho halikauki. La kwanza linazuiwa mchana, kwa turubai. Tandaza turubai jeupe kutoka mlingotini hadi tezini, liwe juu ya sitaha kwa sentimita 40 au zaidi ili upepo upite katikati. Turubai lililolala moja kwa moja juu ya sitaha halisaidii sana, maana linapasha kile linachokigusa. Madirisha ya juu yafunike kwa nje. Pazia la ndani linazuia mwanga, lakini joto linakuwa limeshaingia. Kisha weka feni ndogo ya betri kila kitandani. Kwa kaskazi inayovuma vizuri, turubai, feni na dirisha la omo lililo wazi vinatosha kwa watu wengi.

Kinachobaki ni maleleji, upepo unapokufa kabisa, na masika, mvua inapokulazimisha kufunga kila dirisha. Usiku wa namna hiyo kiyoyozi kina kazi ya kweli, na kazi yenyewe ni kukausha hewa kuliko kuipoza. Ndiyo maana mashine kubwa kupita kiasi inakudhuru. BTU 16,000 katika chumba kidogo itafikisha nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, kompresa itazima, na unyevu utabaki humo humo. Utalala katika baridi ya chepechepe, shuka zimeshika maji. Mashine ndogo inayofanya kazi muda mrefu inakamua maji hewani.

Sasa hesabu ya ukubwa. Kanuni ya watengenezaji wa viyoyozi vya boti ni kama BTU 650 kwa kila mita ya mraba ya chumba kilicho chini ya sitaha, 970 kwa chumba cha kati chenye madirisha, na 1,300 kwa chumba cha juu kilichozungukwa na vioo. Kwa jua la huku sisi tunapanda daraja moja: chumba cha kulala tunakihesabu kwa 970, sebule kwa 1,300. Chumba cha tezini cha boti kama yako kina takriban mita 2 kwa 2.3, yaani mita za mraba 4.6. Ukizidisha kwa 970 unapata BTU 4,460 hivi. Mashine ya 5,000 au 6,000 inatosha, mlango ukiwa umefungwa. Sebule ya mita za mraba 9 ingedai karibu 12,000, na hapo ndipo umeme unapokushinda.

Chukua mashine ya BTU 6,000 inayopozwa kwa maji ya bahari. Pamoja na feni na pampu yake inakula kama wati 650 kompresa ikiwa imewaka. Usiku, ikiwa imewekwa nyuzi 25, kadiria kompresa inawaka asilimia 60 ya muda, kwa hiyo wastani ni wati 390. Kwa saa nane hiyo ni kWh (uniti za umeme) 3.1, ongeza kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, unafika karibu 3.5. Kwa betri za lithiamu za volti 12.8 hiyo ni Ah 270 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), bado friji na taa hujazigusa. Betri ya Ah 300 itaisha alfajiri, kwa hiyo weka 400. Kwa betri za asidi, ambazo hazipaswi kushushwa chini ya nusu, ungehitaji Ah 550 au zaidi, na hizo ni betri tatu kubwa zenye uzito wa zaidi ya kilo 160. Boti ya futi 36 itausikia uzito huo kila inapokwenda joshi, yaani kuukabili upepo.

Betri zilizotumika usiku lazima zijazwe mchana. Sola mbili za wati 400 juu ya fremu ya tezini, kwa jua la Dar, ambalo ni sawa na jua kali la muda wa saa tano kwa siku, na baada ya kutoa kinachopotea kwa joto, kivuli cha mlingoti na chumvi, zinarudisha kama kWh 2.8. Usiku mmoja wa saa nane unadai 3.5. Haziwiani, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa au wanapokimbilia jenereta. Suluhisho ni kupunguza saa. Weka mashine iwake saa nne usiku hadi saa tisa, kisha feni ziendelee. Saa tano zinakula kWh 2.2 na kukuachia 0.6 kwa ajili ya friji. Kwa kuwa unalala botini siku mbili tu kwa wiki, siku nyingine tano zinajaza pengo lolote.

Kama mfuko unaruhusu, tafuta mashine yenye kompresa inayobadilisha kasi, ya volti 24 au 48, inayotumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta. Inaanza polepole, haiishtui betri, na usiku inashuka kasi yenyewe. Ya volti 12 ipo pia, lakini wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Waya ukiwa mwembamba au mrefu, volti zinashuka njiani na kompresa inagoma kuwaka ingawa betri imejaa.

*Fundi wangu wa AC anasema split ya nyumbani ya BTU 9,000 ni nafuu sana kuliko ya boti na inafanya kazi ile ile. Ile ya nje tuifunge tezini. Nisimsikilize?*
*Msomaji, Mbezi Beach*

Fundi wako hakudanganyi kuhusu bei, na split ya kisasa ya inveta, yaani yenye kompresa inayobadilisha kasi, inatumia umeme kidogo kweli. Kwa katamarani (boti ya matumbo mawili) inayokaa sana kwenye nanga, watu wanazifunga na zinawafaa. Kwa boti ya tanga ya mkuku mmoja tunakuambia hapana, kwa sababu tatu.

Boti yako inalala ubavu. Mafuta ya kompresa yanakaa chini kwenye tumbo lake. Ikiwashwa huku boti imelala nyuzi 20, au ikipigwapigwa na mawimbi, mafuta yanakimbia mahali pake. Mashine ya nje ina uzito wa kilo 25 hadi 30, na pahala pake ni tezini juu kabisa, ambapo uzito hautakiwi. Sababu ya tatu ni chumvi. Mapezi ya alumini yanayotoa joto yatageuka unga mweupe mapema sana. Ukishika kwa kidole yanavunjika kama ganda la andazi kavu. Nyumba iliyo mita chache tu kutoka ufukweni inaliona tatizo hilo. Boti inarushiwa maji yenyewe.

Ukiamua kuifunga hata hivyo, tumia boliti za chuma cha pua cha 316, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila mnaporudi, na izime kila tanga linapopanda. Uliza pia gesi iliyomo. R32 inaweza kushika moto, na R290, ambayo ni propani, inawaka kwa urahisi zaidi. Zote ni nzito kuliko hewa: zikivuja ndani zinashuka na kutulia kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya boti, mahali penye pampu na swichi zake. Nyumbani zinatoka mlangoni. Kwenye boti hakuna mlango wa chini.

Kuhusu AC ya kutembea yenye bomba moja, iache dukani. Inatoa hewa nje kwa bomba lile, na kila lita inayotoa inavuta lita ya hewa ya moto na ya unyevu kupitia nyufa za madirisha. Unapoza chumba kwa mkono mmoja na kukipasha kwa mwingine.

*Kiyoyozi changu cha BTU 12,000, kinachopozwa kwa maji ya bahari, kinawaka dakika kumi kisha kinazima na kuandika HPF. Nikikiwasha tena kinarudia. Boti iko kwenye hori (mkono wa bahari) upande wa Kigamboni. Fundi anataka kuongeza gesi.*
*Msomaji, Kigamboni*

Mzuie fundi. HPF maana yake shinikizo la gesi limepanda kupita kiasi, na kuongeza gesi kutalipandisha zaidi. Mashine hizi zinatoka kiwandani na gesi iliyopimwa kwa gramu na kufungwa. Kama haijavuja, haihitaji kuongezwa. Karibu kila mara HPF kwenye kiyoyozi cha maji inatokana na maji yasiyopita ya kutosha kuondoa joto. Na acha kuiwasha tena na tena. Kila jaribio linaikamua kompresa, na kompresa ikifa, umenunua mashine mpya.

Anza nje. Maji yanapotoka ubavuni, kinga kwa ndoo ya lita 10. Mashine ya 12,000 inataka lita 11 hivi kwa dakika, kwa hiyo ndoo ijae kabla dakika haijaisha. Ikichukua dakika moja na nusu, umepata mgonjwa wako. Kama una kipimajoto, pima maji ya bahari na maji yanayotoka: tofauti ya nyuzi 5 hadi 7 ni ya kawaida, ikizidi 10 maji ni machache.

Tuulize kwanza la hori. Je, inazima zaidi maji yanapokupwa? Bahari ya Dar wakati wa bamvua inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Boti ikipwelewa, au ikibakiza nusu mita tu chini yake, mdomo wa kuvutia maji unanyonya tope na mchanga. Mchanga unakwangua pampu na kujaza chujio. Kama ndivyo, dawa ni kuhamisha boya kwenye kina, au kukubali kuzima saa za maji kupwa.

Kama si hivyo, fuata njia ya maji kuanzia nje kuja ndani. Funga koki ya kuingizia maji ya bahari, iliyo kwenye ngozi ya boti. Fungua chujio, toa kikapu, kioshe. Utakuta majani ya bahari, mifuko ya nailoni, na kwa hori makombe madogo yanayojishikiza humo ndani na kukua. Tazama mpira wa mfuniko: ukiwa umepasuka au umekaa upande, pampu inavuta hewa badala ya maji, nawe hutaona tone likivuja. Rudisha, fungua koki. Kisha mtu apige mbizi na kukwangua mdomo wa nje kwa bisibisi. Kwenye maji yetu ya uvuguvugu boti iliyotulia miezi miwili inatosha kuuziba nusu.

Bado? Fungua mpira unaotoka kwenye pampu. Maji yaje yenyewe, kwa nguvu, bila pampu kuwaka. Yasipokuja, kizuizi kiko nyuma. Yakija kwa kukohoa kisha yakatiririka, kulikuwa na hewa imekwama. Pampu hizi hazijui kujivutia maji. Lazima zikae chini ya usawa wa bahari na mipira ipande mfululizo kutoka koki hadi chujio, pampu, mashine, kisha nje. Pahala popote mpira unapopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, hewa inajikusanya hapo na maji yanakwama. Hili ni kosa la ufungaji tunaloliona kuliko jingine lolote, na linatibiwa kwa kukata sentimita 30 za mpira.

La mwisho ni utando wa chokaa na chumvi ndani ya koili yenyewe, ambayo ni ya kopa na nikeli. Koili husafishwa kwa asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa hadi asilimia 5. Funga koki, chomoa mipira miwili ya koili, zungusha mchanganyiko kutoka kwenye ndoo kwa pampu ndogo ya plastiki dakika 30 hadi 45, kisha suuza kwa maji safi mengi. Vaa glovu na miwani. Asidi ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe kwenye asidi. Fungua madirisha yote, na ndoo iliyokuwa na jiki isitumike kabla haijaoshwa sana: vikikutana vinatoa klorini, gesi inayochoma mapafu.

*Naweza kuwasha jenereta ndogo ya petroli juu ya sitaha usiku, tukilala na AC?*
*Msomaji, Upanga*

Hapana. Tunaomba usifanye hivyo hata usiku mmoja. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na boti kwenye boya inageuka kila upepo au mkondo unapogeuka. Moshi uliokuwa unakwenda baharini saa tatu, saa sita unaingia kupitia dirisha la omo. Aliyelala haamki. Jenereta ya kW 2 inaweza kusaidia kuchaji betri mchana, watu wakiwa macho, juu na upande wa chini ya upepo. Petroli yake isihifadhiwe ndani. Kifaa cha kupiga kelele kikinusa kaboni monoksidi kiwe katika kila chumba cha kulala, hata kama jenereta ni ya jirani.

*Ninauziwa kiyoyozi cha boti kilichotumika Marekani, volti 115, hezi 60. Nitumie transfoma?*
*Msomaji, Mikocheni*

Transfoma inabadilisha volti tu. Hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, zinabaki 50 za TANESCO. Kompresa na pampu vitazunguka polepole kwa asilimia 17, vitapata joto na havitaishi. Kinaweza kutumika kwa inveta ya betri iliyotengenezwa kutoa 115 na hezi 60, ila pampu yake nayo iwe ya umeme huo huo. Kwa mtu wa gatini, tafuta cha volti 230 na hezi 50. Waya wa kuingiza umeme botini uwe wa milimita za mraba 2.5 ukiwa chini ya mita 30, na mashine ya 12,000 ya kasi moja ifungiwe kifaa cha kuianzisha taratibu, maana sekunde ya kwanza inavuta ampea 25 au zaidi.

*Tangu tufunge AC godoro la tezini linaloa na kuna kuvu ukutani. Mashine inapoza vizuri.*
*Msomaji, Msasani*

Mashine yako inafanya kazi, ila maji inayoyakamua hayajaonyeshwa njia. Kwa unyevu wa hapa, BTU 12,000 inaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa. Fungua chini ya kitanda, washa mashine nusu saa, mulika kwa tochi kwenye beseni lililo chini ya koili. Maji yakiwa yamejaa hadi ukingo, tundu la kutolea limezibwa na utelezi. Lipitishe waya laini, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Mpira wake ushuke angalau sentimita 5 kutoka kwenye beseni bila kupanda tena popote, uende kwenye kisanduku chenye pampu ndogo. Usiuishie kwenye chumba cha injini wala karibu na bomba la moshi, kwa sababu feni inaweza kuvuta hewa ya huko kupitia mpira huo huo na kuipuliza kitandani.

Beseni likiwa kavu, angalia bomba la hewa baridi. Lisipovishwa sponji, hewa ya kabati inagusa ubaridi wake na kutoa jasho lote juu ya godoro. Livishe mwanzo hadi mwisho, maungio ufunge kwa utepe wa alumini. Angalia pia hewa inaporudi: wavu wa kurudisha hewa wa mashine ya 12,000 usipungue sentimita 30 kwa 30, uwe chini, na baridi itokee juu upande wa pili. Vikikaribiana, mashine inavuta baridi yake yenyewe, inazima mapema, na kona ya kuvu haipati hewa. Ukuta uliokwisha shika kuvu ufute kwa siki, uache ukauke, kisha inua godoro juu ya fito za mbao ili hewa ipite chini yake.